Mulei Alipoulizwa Baba Yake ni Nani

Mulei Musyoka ndiye mtu wa kwanza upande wetu wa Mbumbuni kuvaa lile joho jeusi la chuo kikuu, na watu wakisikia hivyo hudhani ninaanza kusimulia habari ya furaha. Si ya furaha. Mimi ni fundi wa nguo, jina langu Kasyoka, na sina tabia ya kusifu vazi lililoshonwa vibaya. Tulisoma naye darasa moja hadi la saba, mimi nikabaki, yeye akaendelea. Watu walisema nilimtaka anioe. Watu walisema mengi, na mengine yalikuwa kweli, lakini hayo si ya leo.

Ili uelewe kilichompata Mulei, lazima kwanza umjue nyanya yake, Kalunde, ambaye yeye alimwita susu kama tunavyowaita nyanya wote kwetu. Na lazima ujue jambo moja ambalo hapa hata mtoto analijua, ila wenye tai wa Nairobi hawakulijua.

Kalunde alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, kijana aitwaye Musyoka. Musyoka alienda kufanya kibarua cha reli huko Makindu, akashikwa na homa, akafa mwaka wa 1948 kabla hajaoa. Kijana akifa hivyo, jina lake limekatika, na mama yake anabaki kama mtu ambaye hakuzaa. Lakini njia ilikuwepo. Kalunde aliswaga mbuzi wake hadi Tulia, kule Kitui, akaingia boma la watu waliokuwa na binti aitwaye Nthenya, akamposa kwa jina la mwanawe aliyekufa. Walimkubalia. Akatoa mbuzi wa ntheo, wale ambao wasipotolewa hakuna ndoa kwa Mkamba hata mkiwa na watoto nyumba nzima, na Nthenya akaja Mbumbuni akiwa mke wa Musyoka. Mke halali kabisa, wa mume aliyekuwa kaburini.

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize.

Nthenya alikuwa na ruhusa ya kupata mtoto na mwanamume yeyote mwenye adabu, na mtoto huyo angekuwa wa Musyoka. Yule mwanamume hana nafasi katika habari hiyo. Hatajwi, hadai, na akikutana na mtoto njiani humsalimia kama anavyomsalimia mtoto wa jirani. Ndivyo Mulei alivyozaliwa, mwaka wa 1952. Sote tulijua ni nani aliyekuwa akipita kwa Nthenya. Alikuwa Ndolo, muuza nyama wa pale sokoni, mwenye mke wake na mabinti zake. Tulijua na tukanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikokuwa heshima yetu kwa Nthenya. Shuleni mwalimu akiita "Mulei Musyoka" hakuna aliyegeuza shingo.

Kalunde alimlea mtoto yule akimweleza habari za Musyoka kana kwamba ametoka kidogo kwenda dukani. "Baba yako hapendi kunde." "Baba yako anakaa hivyohivyo, mguu mmoja umekunja." Mulei akikataa kunde, Kalunde alifurahi siku nzima. Mimi niliyekuwa na baba mzima wa kupumua, aliyerudi nyumbani akiimba na kulala kwenye mfereji, nilimwonea Mulei wivu. Baba yake hakulewa hata siku moja.

Kanisani hawakumpenda Kalunde. Mhubiri alimwambia amrudishe Nthenya kwao ndipo abatizwe, kwa kuwa hakuna Maandiko yanayosema maiti anaoa. Kalunde alijibu kwamba hawezi kumwachisha mwanawe mke bila kumuuliza. Basi hakubatizwa. Kila Jumapili alimsindikiza Mulei mpaka mlangoni, akakaa nje akisuka kiondo hadi ibada iishe. Viondo hivyo, na ndengu, na mbuzi mmoja baada ya mwingine, ndivyo vilivyomsomesha. Njaa ile ya ndege za serikali kutudondoshea magunia ya mahindi ilipita, Uhuru ukaja, na Mulei hakukosa shule.

Alipomaliza chuo kikuu mwaka wa 1976, akiwa na digrii ya biashara, aliitwa kwa intavyu kwenye benki moja kubwa Nairobi. Suruali aliyovaa niliikata mimi. Nilikuwa nimepiga magoti nikipima pindo Kalunde alipokuja, akamzunguka Mulei polepole, akamshika mkono.

"Mimi sijui watakuuliza nini," akasema. "Lakini wakikuuliza wewe ni nani, sema mimi ni Mulei, mwana wa Musyoka. Useme kwa nguvu wasikie. Sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli, hakuwahi. Mulei akamwahidi, na mimi ni shahidi. Yule mama alikuwa ametumia maisha yake yote ili siku moja jina la mwanawe litamkwe mahali penye watu wakubwa. Hakutaka kingine, si nyumba ya mabati wala blanketi.

Yaliyotokea kule ndani Mulei alinisimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja, na hakuwahi kubadilisha neno. Walikuwa wanaume watatu nyuma ya meza, wakiongea Kiingereza. Mwanzo ulikuwa mzuri. Walimuuliza hesabu, akajibu. Kisha mwenyekiti wao, mzee mwenye miwani, akamwambia awaeleze habari za kwao. Mulei akasema yeye ndiye wa kwanza nyumbani kwao kuingia chuo kikuu, na kwamba kabla yake hakuna aliyepita darasa la nne. Wakaitikia kwa vichwa. Walipendezwa, unajua watu wakubwa wanavyopenda kusikia umaskini wa mtu mwingine ukishapita.

"Na baba yako anafanya kazi gani?"

"Alikuwa kibarua wa reli. Anaitwa Musyoka. Alifariki."

"Pole. Alifariki lini?"

"Mwaka wa 1948."

Yule wa kushoto, kijana kuliko wenzake, alitazama karatasi yake. "Hapa umesema umezaliwa 1952."

"Ndiyo," Mulei akasema. Hakuona kosa. Hapo ndipo moyo wangu huniuma kila nikikumbuka. Alikuwa na digrii, alikuwa amesoma vitabu vizito kama matofali, na bado hakuona kosa, maana kwetu halikuwa kosa. Aliketi pale akingoja swali lingine.

Wakatazamana. Mwenyekiti akavua miwani. "Kijana, hii ni kazi ya hesabu."

Ndipo Mulei alipoelewa, akajaribu kueleza, na Kiingereza chote alichokisoma hakikuwa na neno la jambo hilo. Alitafuta, akatoa jasho, mwisho akasema, "Nyanya yangu alimwoa mama yangu."

Walicheka. Mulei alisema hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomshinda, kwamba walicheka kama watu wema waliosikia kichekesho mchana wa kuchosha. Yule kijana alitoa kitambaa akafuta macho. Halafu mwenyekiti akamwambia ataandikiwa barua, na Mulei akajua hakuna barua.

Hakumwambia Kalunde. Alimwambia nafasi zilikuwa chache. Akarudi Nairobi akaishi na rafiki yake wa chuo, Rashid, kijana wa Mwingi ambaye ukoo wao walikuwa wafanyabiashara na ambaye alipata kazi mara tu alipoomba. Mulei alienda mahali pengine, na pengine, na kila alipofika penye swali la baba alibabaika. Mara alisema hamjui. Mara alinyamaza. Wenye kazi ya fedha hawampendi mtu anayebabaika, huona ni mwizi anayejifunza.

Rashid alikuwa mtu mzuri na sitaki umlaumu. Alimhurumia mwenzake, aliyekuwa amemweleza yote, akamwambia anavyoona.

"Wewe Mulei, hao watu hawataki hiyo story ya kwenu. Wanataka baba. Si wewe uko na baba? Tena yuko hai, ana duka ya nyama. Wape huyo."

"Huyo hatajwi."

"Hatajwi Mbumbuni. Hii ni Nairobi. Nani atajua?"

Mulei alikataa kwa miezi kadhaa, akila chakula cha Rashid. Kisha benki nyingine ikamwita, akavaa ile suruali yangu, na mambo yakaenda kama yalivyoenda kwingine mpaka walipofika pale pale.

"Mulei Musyoka. Musyoka ndiye baba?"

"Hapana," Mulei akasema. "Hilo ni jina la ukoo tu. Baba yangu anaitwa Ndolo. Ana biashara ya nyama, Mbumbuni."

Aliniambia maneno yale yalitoka laini, bila jasho, na kwamba aliona mabega ya wale watu yakishuka wakastarehe. Wakamuuliza amejifunza nini kwa baba mfanyabiashara. Akawaambia amejifunza uaminifu na kujua thamani ya kitu. Walimpa kazi.

Sasa angalia. Benki siku hizo hazikumkabidhi mtu funguo hivihivi. Zilitaka mzazi amdhamini, atie sahihi kwamba mwanawe akipotea yeye yupo. Mulei alijua hilo, lakini alidhani atapewa karatasi aje nayo mwenyewe, aipitishe kimyakimya. Hakupewa. Benki ilimtuma mtu wake bila kumwambia Mulei, naye akaja siku ya soko, kwa gari dogo jeupe, akasimama katikati ya watu, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Naomba kuonyeshwa Mzee Ndolo, baba yake Mulei wa chuo kikuu."

Cherehani yangu iko kwenye baraza lililotazamana na bucha. Niliona yote. Kalunde alikuwa amekaa chini na ndengu zake, hatua chache kutoka kwa lile gari, na Nthenya kando yake akipima kibaba. Soko zima liligeuza shingo. Ndolo alikuwa na kisu mkononi. Angesema, "Umepotea bwana, huyo ni mwana wa Musyoka, na mke wa Musyoka huyu hapa," na mambo yangeisha. Mtu yeyote pale angesema hivyo. Lakini Ndolo alikuwa amezaa wasichana watupu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwona kijana yule akipita na vitabu huku amefunga mdomo. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Ni mimi," akasema. Na yule mgeni alipotoa karatasi akatia kidole gumba, kisha akageukia soko zima. "Mtoto yangu iko benki. Mlikuwa mnasema Ndolo hana kijana. Kijana ndiyo hii."

Nilitaka kumtupia mkasi. Hata sasa nikimkumbuka alivyosimama pale, kifua mbele, natamani ningemtupia.

Kalunde aliinuka. Aliziacha ndengu zake pale chini, wazi, akashika njia ya nyumbani bila kumtazama mtu. Nthenya alibaki ameshika kibaba. Wanawake wakaanza kunong'ona, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe kutoka Tulia nilisikia mtu akimwita mwanamke wa Ndolo. Mke wa Ndolo alimsikia pia, akaja akamtemea mate miguuni. Nthenya hakuuza kitu sokoni tena maisha yake yote, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chumvi.

Mulei alikuja mwisho wa mwezi na mshahara wake wa kwanza, hajui kitu, amebeba mkate na sukari na shali ya nyanya yake. Alipita kwangu kwanza. Nikamwambia. Alikaa kwenye kiti cha wateja mpaka mkate ukapondeka mapajani, kisha akaniomba tufuatane, na nilifuatana naye.

Mama yake ndiye aliyemkuta kwanza uani. "Nimekuwa bibi ya mtu miaka hii yote," Nthenya akamwambia, wala hakupandisha sauti. "Sasa mimi ni nani?"

Mulei akampita. Akaingia kwa Kalunde, akapiga magoti, akaeleza yote, yale ya wanaume watatu, miwani, kitambaa, kicheko. Kalunde alisikiliza hadi mwisho.

"Walinicheka, Susu. Wangenicheka tena."

"Mimi nimechekwa tangu niende Tulia," Kalunde akasema. "Sokoni, kanisani, kisimani. Wakicheka, nilikuwa naenda shamba tu."

"Nilisema ni jina tu. Ni maneno ya kupata kazi. Wewe ndiye ulitaka nipate kazi."

"Nilitaka Musyoka awe na mtoto."

Mulei alilia. Mimi pia nililia, sina haya ya kusema. Kalunde peke yake ndiye ambaye hakulia. Alimtazama kijana kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto wa watu aliyeumia mbele ya nyumba yako, na mtazamo huo nadhani Mulei aliuelewa kabla yangu. Akatoa mshahara wake, akamwekea mikononi. Kalunde akauliza kama pesa zile ni zake afanye nazo atakavyo. Mulei akasema ni zako, Susu, na nitaleta nyingine.

Alileta. Kila mwisho wa mwezi alikuja au alituma, na kila mara Kalunde alinunua mbuzi. Mulei alifurahi sana. Aliniambia susu ameanza kupoa, maana mtu mwenye uchungu hafugi. Alijenga hata zizi jipya, akashika nyundo mwenyewe na mikono yake laini ya benki. Mimi nilishona nikamwacha aamini. Sikuwa na hakika, na isitoshe nilimwona akicheka kidogo, kitu ambacho alikuwa ameacha.

Mvua za Novemba zilipokwisha, Kalunde aliswaga mbuzi wale wote akaondoka na mpwa wake mmoja. Wasichana wa karibu walikuwa wameshakwenda shule, hawakutaka mambo ya wafu, kwa hiyo alienda mbali, hadi Kyuso, kule ambako jua lilikuwa limewamalizia watu mifugo. Akarudi na msichana aitwaye Mumbua. Mbuzi wa ntheo walikuwa wametolewa. Mumbua alikuwa mke wa Musyoka.

Nthenya alimpokea, akampa upande wa jiko lake. Alikuwa ameshapita umri wa kuzaa, na alisema ni afadhali nyumba ipate sauti. Mulei alipokuja na kumkuta msichana anafagia uani, akaambiwa ni mama yake mdogo, aligeuka akalitazama zizi tupu alilolijenga. Baadaye aliniuliza kama nilijua mahari ilitoka wapi. Nikamwambia yeye anajua.

Mwaka uliofuata Mumbua alijifungua mtoto wa kiume. Ni nani aliyekuwa akipita kwake sijui, na hata kama ningejua nisingekuambia. Kwetu mwana wa kwanza huitwa jina la babu yake, baba wa baba yake, hilo halina mjadala. Na mume wa Kalunde, aliyemzaa Musyoka, aliitwa Mulei. Mzee wa ukoo alipouliza mtoto aitwe nani, mmoja wa waliokuwapo akakohoa, akasema jina hilo lina mwenyewe tayari. Kalunde akamjibu kwamba yule ni wa nyumba nyingine, na huko watajua wao walimpa jina la nani.

Mulei hakuacha kuja. Wengine wangeacha. Alipandishwa cheo, akahamishiwa tawi la Machakos, akanunua gari, na Ndolo akalisimulia gari lile mpaka siku alipokufa, ingawa Mulei hakuingia buchani kwake hata kununua mfupa. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi mapema. Wafanyakazi wake walisema hakuwahi kumuuliza kijana yeyote aliyekuja kutafuta kazi habari za baba yake.

Nilikuwapo Pasaka ya mwaka wa 1981. Nilipeleka vitambaa vya viti nilivyomshonea Kalunde. Mulei alikuwa ameketi ndani kwenye kiti kile kizuri, kile ambacho wenyeji hawakikalii. Kalunde alikuwa uani kwenye sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, amezeeka, macho yameingia ukungu, na Nthenya na Mumbua walikuwa wakigawa mabakuli. Tukamsikia akiita.

"Mulei. Mulei, njoo ule."

Mulei aliinuka kabla sijamwangalia. Aliitika, "Susu," kama alivyokuwa akiitika tulipokuwa watoto, akafika mlangoni. Yule mtoto akapita katikati ya miguu yake akikimbia, akafika kwa Kalunde, akashika leso yake. Kalunde aliinua uso kuelekea mlangoni. Sijui alimwona kwa macho au alimjua kwa kivuli.

"Wewe kaa, mwana wa Ndolo," akasema kwa upole kabisa. "Chakula yako italetwa."

Mulei akarudi akaketi. Mumbua alimletea maji ya kunawa, kisha wali na kuku, chakula cha mgeni, kwenye sahani ya udongo iliyokuwa ikikaa kabatini. Alikula chote polepole, maana mgeni akibakiza wenyeji huona vibaya.